Friji haikati, uniti za LUKU zinayeyuka

Swali: Wakuu, friji ya mlango mmoja inaunguruma kutwa kucha bila kukata. Nianzie wapi kabla ya kuita fundi?

Jibu: Mpira wa mlango. Bana noti kati ya mpira na fremu, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, joto linaingia hapo. Osha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Ukiwa umejikunja, ukande kwa kitambaa cha maji moto uunyooshe.

Jibu: Na nyuma je? Chomoa plagi, piga brashi vumbi kwenye mabomba meusi, uache sentimita 10 hadi ukutani. Joto lisipotoka, kompresa (mota ya friji) haipumziki. Ya wati 120 ikizunguka saa 24 inakula uniti 2.88, ikipumzika nusu ya muda, 1.44. Barafu ya friza iache iyeyuke yenyewe. Kisu marufuku: ukitoboa bomba, gesi yote imekwenda.

Muulizaji: Noti inachomoka kirahisi upande wa bawaba tu, juu.

Jibu: Basi usinunue mpira bado. Huenda mlango umelegea. Kaza skrubu za bawaba ya juu, urudie noti.