Naomba ushauri: nikimkatalia mpangaji huyu, ni tahadhari au ni ubaguzi?

Mama Wawili, Rau

Wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mjane, ninaishi Rau hapa Moshi na binti zangu wawili, mmoja yuko kidato cha tatu na mwingine amerudi likizo kutoka chuo. Nyuma ya nyumba kuna vyumba vinne ambavyo marehemu mume wangu alivijenga kidogo kidogo, na kodi yake, shilingi 80,000 kwa mwezi kwa chumba, ndiyo inayolipa ada. Kimoja kiko wazi tangu mwezi uliopita. Ndicho kilicho karibu zaidi na nyumba kubwa, na mpangaji wake hutumia bafu moja na binti zangu.

Wiki iliyopita alikuja kijana kukiulizia. Ni mgumu, ndivyo tunavyowaita hapa wanaobeba mizigo ya wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro, ana rasta zinazofika mabegani, na alipotaja jina la ukoo nilitambua mara moja kwamba si mtu wa huku kwetu. Alizungumza kwa adabu, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akauliza kama LUKU, yaani mita ya umeme, ni moja au kila chumba kina yake, swali ambalo wengi huliuliza baada ya kuhamia na ugomvi kuanza. Hata hivyo nilimjibu kwamba chumba kimeshachukuliwa. Niliusema uongo huo nikiwa nimeshika ufunguo wa chumba chenyewe. Aliutazama ule ufunguo, akasema, "Ahsante, mama," akaondoka.

Sababu yangu ni kwamba mwezi wa nane mwaka 2020 mgumu mmoja aliondoka kwangu usiku akiwa na deni la miezi mitatu, na asubuhi niliukuta mlango umeng'olewa kitasa. Nilijiapiza kwamba mgumu mwingine hatakanyaga uani kwangu. Mama yangu, aliyeko Kibosho, ananiunga mkono, na ameongeza mambo kuhusu kabila la kijana huyo ambayo sitayaandika hapa. Binti yangu mkubwa, aliyesikia yote akiwa anaosha vyombo bombani, ameniambia waziwazi kwamba huo ni ubaguzi, nami nikamjibu kwamba yeye hajawahi kukimbiwa na mpangaji. Tangu siku hiyo tunasalimiana tu.

Naamini mwanamke anayeishi na mabinti bila mwanaume nyumbani ana haki ya kuogopa, na sitaki kuambiwa nimfungulie geti kila apitaye. Lakini nikiwa mkweli, sijui woga wangu unaishia wapi na dharau inaanzia wapi. Ninyi mnatofautishaje?

Mzee wa Kiusa

Mwanangu, nyumba ni yako na jasho ni la marehemu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nimepangisha kwa miaka thelathini, sijawahi kupokea mgumu, mpiga debe wala kijana wa bodaboda, na ninalala usingizi. Kama unaogopa usiku, tafuta mlinzi Mmasai, hao hawaibi. Huyo binti yako atakuelewa siku akiwa na nyumba yake.

Dada wa Soweto

Mzee, shikamoo. Methali hiyo naipenda, ila inasema hushtuka, haisemi kwamba ung'ongo ni nyoka. Kushtuka si kosa la mtu, kwa kuwa hakuna anayeshtuka kwa kukusudia. Tatizo ni pale mtu anaposhtuka leo na kukataa kutazama vizuri hata baada ya wiki mbili.

Mimi ni Mpare, na nimekulia Moshi nikitaniwa na Wachaga kwamba sisi ni watu wa kesi, kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Nimecheka na kuwajibu kwa utani wao wa pesa, kwenye harusi na hata msibani. Lakini mwenye nyumba mmoja aliponinyima chumba akisema, "Wapare nitaishia mahakamani," sikucheka, na nilishangaa kuona kwamba yeye mwenyewe hakuona tofauti yoyote kati ya siku hiyo na siku za harusi.

Dada yangu wa Rau, nikuulize jambo moja kabla ya ushauri mwingine. Je, unaandika kumbukumbu za wapangaji? Kama unaandika, fungua daftari lako, utuambie katika wote waliopita ni nani hasa waliokutia hasara. Usitumie kumbukumbu ya kichwani.

Afisa Mikopo

Nimefanya kazi katika chama cha akiba na mikopo kwa miaka kumi na miwili, na kazi yangu ni hiyo hiyo unayoihangaikia, yaani kuamua nani apewe kitu cha watu ambacho huenda asikirudishe. Kwa hiyo nitachukua nafasi kidogo.

Swali la kwanza tunalojiuliza ni kama jambo tunalolijua kuhusu mwombaji linagusa hatari yenyewe. Kuwa mgumu kunagusa, na si ubaguzi kulisema hilo. Kipato chake kinafuata misimu: wageni huwa wengi kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena kuanzia Desemba hadi Februari, lakini masika ya Aprili na Mei hupita mtu akiwa amekaa nyumbani. Mwenye nyumba mwangalifu atamwomba alipe miezi ya masika mapema, wakati bado ana fedha mkononi, kama ambavyo angemwomba mkulima alipe baada ya mavuno. Rasta, kwa upande mwingine, hazilipi kodi wala haziikatai. Kabila nalo ni hivyo hivyo, tena hapo hakuna hata pa kuanzia kuhesabu, kwa kuwa kitambulisho cha taifa hakiandiki kabila na sensa ya 2022 haikuliuliza. Anayekwambia kwamba kabila fulani ndio wezi hana hesabu yoyote, ana masimulizi.

Jambo la pili huwapotosha hata wenzangu ofisini. Tuchukue mfano wa kubuni: mtaani kwenu wapangaji kumi wamekimbia na deni, na sita kati yao ni wagumu. Kila mtu atasema wagumu hawafai. Lakini kama wagumu wamepanga vyumba 300 katika mtaa huo na watu wa kazi nyingine vyumba 30 tu, basi waliokimbia ni wagumu wawili katika kila mia, na hao wengine ni zaidi ya kumi na watatu katika kila mia. Kujua kwamba wengi wa waliokimbia ni wagumu hakukuambii kwamba wengi wa wagumu hukimbia. Na wewe huna sita, unaye mmoja, katika mji na vijiji vyenye maelfu ya watu wanaobeba mizigo mlimani.

Nitaongeza kuhusu huyo mmoja. Mwezi wa nane mwaka 2020 ulikuwa wakati wa korona. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa Aprili, na hata baada ya anga kufunguliwa Mei mlima ulibaki karibu mtupu, katika msimu ambao kwa kawaida ndio unaolipa madeni ya masika. Hilo haliwezi kuwa kisingizio cha kung'oa kitasa, lakini linaeleza deni vizuri kuliko tabia ya wagumu wote inavyoweza kulieleza.

Mzee wa Kiusa naye, kwa heshima zote, ameonyesha upande mwingine wa mizani ile ile. Mmasai anakabidhiwa ufunguo wa geti bila barua ya serikali ya mtaa wala mdhamini, kwa sababu tu ya shuka na rungu, huku mwingine akikataliwa kabla hajafungua mdomo. Sifa njema inayogawiwa kabila zima inatufanya tusimchunguze mtu tuliyepaswa kumchunguza.

Wakili Kijana

Kwa kuwa mlinzi ametajwa, ni vyema ijulikane kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa misingi kadhaa, ikiwamo kabila au mahali mtu alikotoka. Ibara ya 13 ya Katiba ya 1977, katika kueleza maana ya kubagua, inataja kabila, pahala mtu alipotokea na hata hali yake ya maisha, ingawa marufuku yenyewe inazielekea zaidi mamlaka kuliko mwenye vyumba vinne vya uani. Kwa hiyo hapa dada anaulizwa zaidi na dhamiri yake kuliko na hakimu.

Mgumu wa Njoro

Nimeusoma uzi huu nikiwa nimeshuka jana kwa njia ya Mweka, na magoti bado yanauma, kwa hiyo mniwie radhi nikiandika kwa ukali.

Tukishushwa mjini saa mbili usiku, mimi na begi langu kubwa, wapo akina mama wanaoniona wakahamia upande wa pili wa barabara. Sijawahi kuwachukia. Mama huyo hanijui, hana muda wa kuniuliza, na akivuka barabara hakuna kitu changu alichokichukua. Ningemshauri mke wangu afanye vivyo hivyo. Lakini mwenye nyumba anayezungumza nami saa nne asubuhi, mimi nikiwa nimesimama mbele yake na kitambulisho mfukoni, anao muda wote wa kuuliza, na akinikataa ninarudi kulala watatu chumba kimoja. Msiyaweke mambo hayo mawili kapu moja kwa kuwa tu yote yanaitwa woga.

Mama, kilichoniuma katika maelezo yako ni ule ufunguo. Ungemwambia kwamba unataka barua ya mwenyekiti wa mtaa, wadhamini wawili na kodi ya miezi mitatu, angeondoka akijua atafute nini, na asingevipata ungekuwa na sababu ya kumkataa. Kwenye geti la hifadhi mzigo wangu unapimwa, usizidi kilo 20, na ukizidi ninaambiwa nipunguze nini. Ulipomwambia chumba kimechukuliwa hukumwachia cha kupunguza wala cha kuongeza.

Mama Wawili, Rau

Nimesoma yote, na jana usiku nilifungua daftari kama dada wa Soweto alivyonielekeza. Tangu 2014 wamepita wapangaji ishirini na watatu. Walioondoka na deni ni wanne: yule mgumu, mwalimu mmoja, karani wa ofisi moja hapa mjini, na binamu wa marehemu mume wangu.

Deni kubwa kuliko yote ni la binamu. Alikaa miezi kumi na moja bila kulipa, wakati kodi ikiwa shilingi 60,000, nazo ni 660,000 ambazo sikuzipata hata senti. Hakuwa na mkataba wala mdhamini. Nakumbuka nilisema kwamba ni aibu kumwandikisha mkataba mtu wa damu yetu.

Kingine kilinifanya niketi. Chumba namba tatu, kuanzia 2016 hadi 2018, kiliandikwa kwa mwandiko wa mume wangu: "mgumu, amelipa yote". Alikaa kwangu miaka miwili na nilikuwa nimemsahau kabisa. Hakuwahi kunipa sababu ya kumkumbuka.

Nimebaki na swali la bafu. Hilo bado linanikosesha amani, na sioni kwamba daftari linanisaidia.

Dada wa Soweto

La bafu liweke peke yake, maana halihusu mgumu wala kabila. Jiulize kama ungemruhusu yule mwalimu au mzee wa kanisa aoge bafu moja na binti wa kidato cha tatu. Kama jibu ni hapana, basi chumba hicho mpangishe mwanamke hadi utakapotenganisha bafu, na umwambie hivyo kila anayekuja bila kuficha ufunguo.

Mzee wa Kiusa

Sasa nimewakamata. Tangu jana mnatuhubiria tusihukumu kundi zima, na leo mnawafungia mlango wanaume wote wa Tanzania.

Afisa Mikopo

Mzee ana hoja, na sitajifanya kwamba nimeimaliza. Ni kweli kwamba wanaume wengi sana watakataliwa chumba hicho bila kosa lao. Ninachoweza kusema ni kwamba deni la kodi hulipika na kitasa hununuliwa kingine, lakini kinachohofiwa hapa kikitokea hakirudi nyuma, na hakuna barua ya mwenyekiti inayoweza kuonyesha mapema nani atakitenda. Kisha anayekataliwa anakosa chumba kimoja kwa sababu ya bafu, hakosi nyumba nzima kwa sababu ya alivyo, na kizuizi chenyewe kinaondoka ukuta ukijengwa. Hata hivyo ningejisikia vizuri zaidi ukuta huo ukijengwa mapema.

Mama Wawili, Rau

Nawaletea mrejesho. Mpangaji wa chumba namba mbili, muuguzi wa kike, amekubali kuhamia chumba cha karibu na nyumba kubwa, kwa hiyo kilicho wazi sasa ni namba mbili, chenye bafu la uani. Nimeandika masharti kwenye karatasi moja: nakala ya kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa, wadhamini wawili na kodi ya miezi mitatu. Nimeyabandika ndani ya geti, na mdogo wa marehemu aliyeulizia chumba kwa ajili ya rafiki yake amepewa karatasi hiyo hiyo, akanuna.

Namba ya kijana niliipata kwa dalali aliyemleta. Aliyepokea ni mwenzake, akasema yuko mlimani na atashuka Alhamisi. Nimeacha ujumbe kwamba chumba kipo, na kwamba siku ile kilikuwepo. Sijui kama atarudi. Masharti yapo, na asipoyatimiza nitamwambia hivyo usoni.

Fundi amekuja kupima ukuta wa bafu, anataka shilingi 350,000 pamoja na mlango. Binti yangu ameanza kuzungumza nami tena, ingawa kwa sasa ni kuhusu bei ya saruji tu.

Mzee wa Kiusa

350,000 ni nyingi mno kwa ukuta mmoja. Usimpe hata shilingi kabla hajakuandikia idadi ya tofali.