Mlionishauri nimchukue Russell Wilson wiki iliyopita, jitokezeni hapa

Wakuu, nina hasira na sifichi. Mods (wasimamizi wa jukwaa), tafadhali msiunganishe uzi huu na ule wa "nani nimchukue wiki hii", maana ule ndio ulioniponza.

Wiki iliyopita, Septemba 2025, niliingia humu na swali jepesi la fantasi ya NFL, ligi ya soka la Kimarekani. Kwotabeki (mrushaji pasi mkuu wa timu) wangu Joe Burrow kaumia kidole cha mguu kwenye mechi na Jacksonville, upasuaji, nje kama miezi mitatu. Ligi yetu ya fantasi, ambapo unapanga wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, ina watu 12, wengi watu wa nyumbani tunaobeba maboksi huku Dallas. Kiingilio dola 50 za kweli, halafu kila mtu anapewa dola 100 za kubuni za kununulia wachezaji walio huru, zimtoshe msimu mzima. Sokoni nilikuta majina mawili yanayoeleweka: Daniel Jones wa Colts na Russell Wilson wa Giants. Nikauliza yupi. Mkanijibu kwa wingi Wilson. Mmoja kaandika kwa herufi kubwa MZEE AMERUDI. Mwingine kaniambia nikimwacha mtu aliyepiga pasi za yadi 450 kwenye mechi moja juzi, bora nirudi kwenye fantasi ya ligi ya Uingereza nikampe Haaland ukapteni na nilale.

Nikaweka dola 31. Nikampata. Kumbe aliyenifuata kwa dau alikuwa ameweka dola 4.

Jumapili usiku Wilson kacheza na Kansas City. Pasi 18 zilizofika kati ya 32, yadi 160, tachidauni (mpira kufikishwa mwisho wa uwanja wa mpinzani) sifuri, pasi mbili zimedakwa na wapinzani. Giants wamelala 22-9. Kwetu yadi 25 za pasi ni pointi moja na kila pasi inayodakwa unakatwa mbili, kwa hiyo mkono wake umeniletea pointi 2.4. Mbili nukta nne! Jones, huyo mliyesema ni wa kupita, siku hiyohiyo kapiga yadi 228 na tachidauni moja, Colts wakaichapa Tennessee 41-20. Hiyo ni 13.1, tachidauni ya pasi ikihesabiwa nne. Mimi kwenye ligi yetu nimefungwa na mpinzani wangu wa wiki kwa pointi sita. Pigeni hesabu wenyewe, mimi nimeshaipiga mpaka kichwa kinauma.

Na leo Jumanne Giants wametangaza kwamba Jumapili ijayo anaanza dogo Jaxson Dart. Yaani mzigo nilioununua Jumatano, Jumanne inayofuata hauna hata namba.

Sasa turudi kwenye hizo yadi 450, kwa sababu ndizo zilizowatia wazimu. Mechi ile ilichezwa hapa kwetu Arlington tarehe 14 Septemba, na mimi niliiangalia kwa jamaa ambaye nyumba nzima ni mashabiki wa Cowboys, timu ya Dallas, hadi mbwa ana jezi. Ilikuwa tamu, sikatai. Wilson kapiga tachidauni tatu, ya mwisho ile ndefu kwa mdakaji wake Malik Nabers zikiwa zimebaki sekunde 25, Giants wanaongoza 37-34, sebule kimya kama msibani. Halafu Brandon Aubrey, mpiga mikwaju wa Dallas, akapiga ule mkwaju wa yadi 64 wa kusawazisha, wakaenda muda wa nyongeza, Wilson akatupa mpira mrefu ukadakwa, Dallas wakamaliza 40-37.

Lakini kuna aliyejiuliza zile pasi ndefu alipata wapi muda wa kuzitupa? Cowboys walikuwa wametoka kumuuza Micah Parsons kwenda Green Bay mwishoni mwa Agosti. Mtu aliyekuwa kazi yake kumkimbiza kwotabeki hayupo. Wilson alisimama pale nyuma, akajipanga, akarusha juu mipira yake ileile inayopaa kama mwezi, na wakina Nabers wakaenda kuichukua. Hicho kitu amekuwa nacho tangu Seattle na hajakipoteza. Alichopoteza ni kila kinachotakiwa pale ambapo muda haupo. Wiki moja kabla, dhidi ya Washington, alikuwa na pasi 17 kati ya 37, yadi 168, bila tachidauni, Giants wakafungwa 21-6. Mechi ya kwanza mbovu, ya tatu mbovu zaidi, na katikati sherehe moja. Nyinyi mkachukua sherehe mkaiita mshahara.

Nakubali, macho ninayo na ningeweza kuangalia mwenyewe. Lawama nimekula na mimi. Ila kinachoniudhi ni sababu mlizotoa, maana hakuna hata mmoja aliyezungumzia ukuta wa mbele unaomkinga kwotabeki, au mpinzani anayefuata, au nani anakaa benchi nyuma yake. Zote zilikuwa jina. "Huyu alishawahi kubeba kombe." Ndiyo, Seattle, msimu wa 2013! "Huyu alipiga tachidauni 40." Ndiyo, 2020. Alikuwa na miaka 31 wakati huo na sasa, 2025, ana 36. Ni sawa na dalali anayekuuzia mkweche kwa kukuonesha picha ya siku gari liliposhuka bandarini.

Tena nyinyi mliomsifia kwa ya 2014 ndio mnanichekesha. Mwaka ule Wilson alikimbia yadi 849 na kufunga sita kwa miguu. Kwa hesabu yetu, yadi 10 za mbio pointi moja na tachidauni ya mbio sita, hiyo ni pointi 120 kabla hajatupa hata pasi moja. Ndiyo maana alikuwa dhahabu: akiwa na siku mbaya ya mkono, miguu inakulipia kodi. Hiyo miguu ilishaondoka. Mzee asiyekimbia, siku pasi zikikataa, hana cha kukupa. Jones mwaka huu wa 2025 ana miaka 28, na wiki ya kwanza alifunga mbili kwa miguu, ya pili moja. Nilikuwa nayaona hayo kwenye simu yangu, wakuu. Nikayaacha kwa sababu ni Jones, ambaye Giants haohao walimwacha aende mwaka jana, 2024, na kila mtu alikuwa anacheka. Jina tena. Lake lilikuwa na doa, la mwenzake lilikuwa linang'aa.

Halafu hili la benchi, hili ndilo ambalo sitawasamehe mliokaa mkajiita wachambuzi. Giants mwezi Aprili, kwenye drafti (timu zinapochagua chipukizi kwa zamu), walipanda kutoka raundi ya pili kwenda kumchagua Dart namba 25. Hawakupanda ili aje kuwabebea wenzake maji. Wilson walimpa mkataba wa mwaka mmoja. Yaani klabu yenyewe ilishakuambia huyu ni wa kushikilia usukani mpaka mwenye gari aamke. Na hii ni timu yake ya nne ndani ya misimu mitano. Denver walimpa mkataba mpya wa zaidi ya dola milioni 240 kabla hajacheza mechi, mwaka ule wa 2022 akaleta tachidauni 16 tu. Mwaka uliofuata akaleta 26 na pasi nane tu zilizodakwa, namba nzuri kabisa, na bado mechi mbili za mwisho wakamkalisha kwa sababu za fedha za mkataba. Pittsburgh akamaliza kwa kufungwa mfululizo mpaka wakatolewa. Mtu wa namna hiyo, hata akikupa pointi 28 leo, unatakiwa uulize atakuwa na kazi hadi lini. Thamani yake ina tarehe ya mwisho kama maziwa ya dukani. Unamchukua kwa dola moja, unamtumia wiki moja ukijua nani anacheza naye, unamwachia. Mimi mmenitoa 31.

Kuna mdau kanitumia ujumbe pembeni eti nimshikilie tu, Dart akiumia mzee anarudi. Mkuu, nina nafasi sita za benchi na moja kati ya hizo imelala na kidole cha Burrow. Siwezi kufungua wodi.

Nimeshamwacha asubuhi hii. Jones kachukuliwa na yuleyule niliyefungwa naye Jumapili, bure kabisa, dola sifuri. Zimebaki 69 na sina kwotabeki. Dart yupo sokoni, na tayari naona watu wameanza kuandika "chukua dogo, usichelewe". Atakayeniandikia hivyo bila kuniambia nani anamkinga na nani anamkimbiza, anakula bloku.