Mabua baada ya kuvuna: wachoma ama waacha? Tupeane uzoefu

MwanaMwakirunge: Toka asubuhi moshi umetanda huku, na leo si wa dampo, ni watu wasafisha mashamba wangoja mvua ya mwaka. Mie niliacha kuchoma 2022 mbolea ilipopanda, hata ile ya ruzuku ya 3,500 kuipata ilikuwa vita. Mabua nayalaza baina ya mistari, basi. Nyie kilichowaachisha ni nini?

ShambaLaBibi: Jirani. Yeye alilaza mabua, mie nikachoma. Mvua ilikata wiki mbili, mahindi yake yamesimama, yangu yamejikunja majani kama sigara. Semina nshakaa nyingi, sikubadili kitu.

Pwani_Tulivu: Semina twafuata mandazi 😂

BinKombo: Sie ni woga tu, si mambo ya udongo. Tuko Kwale shamba la marehemu babu, jirani akawasha mabua yake saa saba mchana na kaskazi yavuma, moto ukaruka mpaka ukashika makumbi yaliyorundikwa chini ya minazi, na makumbi yakishika ndo basi, wamwaga ndoo juu yafuka chini, cheche zikapanda makuti ya banda la mbuzi, mamangu akaingia na panga akakata kamba moja moja, mbuzi watoka wakohoa, mmoja ana mimba. Jirani ndo anatokea na jagi la maji. JAGI. Toka hapo kwetu hakuna anayewasha kiberiti shambani.

Pwani_Tulivu: Jagi jamani 😂 pole kaka. Mbuzi alizaa?

BinKombo: Pacha.

Mpangaji001: Mwaongea mna mashamba yenu. Mie nakodi msimu kwa msimu, nimnoneshee mtu udongo ili mwakani anipandishie kodi? Nachoma.

ShambaLaBibi: Roho mbaya hiyo.

Mpangaji001: Hesabu hiyo, mama. Nipe mkataba wa miaka mitano uone kama sitoacha.

Mchwa_Mkuu: Na ukiacha, ng'ombe wa watu wamaliza usiku, wakibakisha mchwa wamaliza. Halafu viwavijeshi toka 2017 mzee wangu asema bua ndo nyumba yao, choma!

MwanaMwakirunge: Kiwavijeshi hushuka mchangani kugeuka. Anayelala ndani ya bua ni bungua, na huyo lilaze bua juani, jua la huku lamtosha.

Fundi_Samadi: Yafukieni tu.

ShambaLaBibi: Usifukie makavu ukapanda hapo hapo, mahindi yatakuwa manjano!

Pwani_Tulivu: Mwenye ng'ombe Kisauni aje na mkokoteni achukue yangu, aniachie samadi.

Fundi_Samadi: Niko Bamburi. Mabua kwanza, samadi twaongea.