Idd ya Mwisho wa Machi: Gumzo la Kikundi cha Ukoo

Alhamisi, 27 Machi 2025

Nasra (Leicester): Asalaam alaykum nyote. Shikamoo Shangazi, shikamoo Ami. Nimeona niulize mapema, kabla mwezi haujaandama, kwa sababu mwaka jana niliuliza asubuhi ya Idd na mambo yalikuwa yameshaharibika. Mkate wangu wa kumimina haukuumuka. Mchele niliuroweka usiku kucha, nikausaga pamoja na tui, sukari, iliki na hamira, nikaliweka bakuli dirishani, na baada ya saa mbili rojo lilikuwa vile vile nilivyoliacha. Nilipouoka mkate ulitoka mzito, umeshikana kama udongo wa mfinyanzi. Safari hii nina wageni kumi na wawili, na wengine hawajawahi kuuonja mkate wetu, kwa hiyo nataka wauonje ukiwa mzuri.

Bi Zuwena (Unguja): Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Kabla sijasema neno juu ya hamira, niambie jiko lako lina joto gani siku hizi, na hilo dirisha uliloliweka bakuli linatazama wapi.

Nasra (Leicester): Linatazama bustani, Shangazi, na kioo chake ukikigusa ni cha baridi hata jua likiwa linawaka. Baridi imeanza kuondoka lakini haijaondoka. Mchana wa leo nje ni nyuzi 12, usiku zinashuka, na jikoni kwangu kipimo kinasoma 17. Hata hivyo majira yamegeuka: miti ya mtaani iliyokuwa mitupu tangu Novemba imeanza kutoa vichipukizi, na maua ya manjano ya dafodili yamefunguka kando ya njia yote ya kwenda shule ya watoto. Jumapili saa zetu zitasogezwa mbele saa moja, kwa hiyo leo tunafuturu saa 12 na nusu jioni, lakini Jumapili jua litazama saa 1 na nusu.

Bi Zuwena (Unguja): Basi ugonjwa wa mkate wako ni hilo dirisha. Hamira ni kitu kilicho hai, na kwenye nyuzi 17 inasinzia. Huku kwetu mwezi huu kaskazi imekata, hewa imesimama, mtu anatoka jasho akiwa amekaa tu, na bakuli likifunikwa kwa kitambaa linajaa kwa muda wa saa moja bila ya mtu kulifanyia lolote. Wewe huna joto hilo, kwa hiyo inakubidi ulitengeneze. Oveni yako ina taa ndani?

Nasra (Leicester): Inayo.

Bi Zuwena (Unguja): Usiiwashe oveni. Washa taa yake peke yake, tia bakuli la maji ya moto sakafuni mwake, kisha weka bakuli la rojo juu, ulifunike, na ufunge mlango. Tui la kopo lipashe moto kwanza hadi kidole chako kisisikie baridi wala moto, kwa maana tui la baridi litailaza hamira, na tui la moto litaiua kabisa. Vipimo vyangu ni vikombe viwili vya mchele, kikombe kimoja na nusu cha tui zito, kikombe kimoja kasoro robo cha sukari, kijiko kimoja cha chai cha hamira, na iliki ya kutwanga mwenyewe, si ile iliyokwishasagwa dukani ikapoteza harufu. Saga mpaka ukilisugua rojo baina ya vidole viwili usisikie punje. Hapo ndipo wengi wanapoharakisha, na mkate unatoka na chenga ndani.

Mwanaisha (Mombasa): Shikamoo Shangazi. Naomba niongeze jambo, kwa heshima. Sisi huku, ambako huo mkate tunauita mkate wa sinia, sukari hatuitii yote mwanzoni. Tunatia vijiko viwili tu vya kuiamsha hamira, na iliyobaki tunaitia rojo likishaumuka, pamoja na ute wa yai moja uliopigwa ukatoa povu. Sukari ikiwa nyingi mwanzoni inaivuta hamira nyuma, na kwa mtu aliye kwenye baridi kama Nasra naona itamchelewesha zaidi.

Bi Zuwena (Unguja): Marahaba. Mama yetu aliitia yote mara moja na mkate wake haukuwahi kulala, lakini sasa ninapofikiri naona kwamba joto la huku lilikuwa likimsaidia. Nasra, kwa hili mfuate Mwanaisha. Ukishatia sukari na ute, koroga kwa mkono mara chache tu, polepole, usije ukauvunja upepo ulioungoja saa mbili.

Khamis (Unguja): Nasra, joto la huku usilionee wivu sana. Masika yamegonga mlango. Jana mvua imepiga kutoka alasiri hadi karibu na magharibi, na gunia la makaa alilolinunua Mama limeloa upande mmoja. Makaa mabichi yakipaliwa juu ya kifuniko yanatoa moshi, na moshi unaingia kwenye mkate. Nimeyatandaza yote ukumbini juu ya maboksi ili yakauke kabla ya Idd. Unga wa mchele wa vitumbua ilibidi tuutwange na kuuanika wiki mbili zilizopita, wakati jua lilikuwa bado la kuaminika.

Ami Seif (Maskati): Waalaykum salaam, wanangu, na wewe dada yangu. Nimesoma yote haya nikiwa nimetoka mlima wa Jabal al-Akhdar, huku Oman, jana, na imenibidi niwaeleze nilichokiona, kwa sababu nacho ni cha chakula. Kule juu, kwenye uwanda wa Saiq ulio karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mawaridi yameanza kufunguka. Maskati tumeshaanza kuwasha viyoyozi, lakini kule bado unahitaji shali alfajiri. Watu huyachuma mapema, jua halijapata nguvu, kwa sababu harufu hupotea likishawaka, na kazi hiyo inaendelea mpaka Mei.

Kuna mzee aliyetukaribisha ndani ya chumba chake cha kukenekea maji ya mawaridi. Chumba ni cheusi kwa masizi, na jiko lake ni la udongo lenye matundu ya kuwekea vyungu. Anajaza petali ndani ya chungu, anatia maji kidogo, kisha ndani humo humo anaweka kibakuli kitupu cha shaba. Juu ya mdomo wa chungu anakalisha bakuli la maji ya baridi. Mvuke unapopanda ukagusa kitako cha lile bakuli la baridi, unageuka matone na kudondokea kibakulini. Maji ya juu yakishika moto anayabadilisha, na hivyo ndivyo anavyoshinda. Yanayotoka mwanzoni si meupe kama ya chupa za dukani. Yana rangi ya chai na harufu ya moshi, na huachwa yatulie kwa wiki kadhaa kabla ya kutumika. Kwa hiyo halua tutakayoila Idd hii imetiwa maji ya mawaridi ya mwaka jana, na haya niliyoyaona yakidondoka ni ya halua ya mwakani.

Bi Zuwena (Unguja): Subhanallah. Seif, miaka yote uliyokaa huko hujawahi kutueleza jambo hili. Nikumbushe unitumie chupa moja yakishatulia, hata ikiwa ndogo.

Ami Seif (Maskati): Nitakuletea kwa mkono wangu, inshallah. Ni kweli sikueleza, na sababu yake ni kwamba kwa muda mrefu Idd haikuwa ikikutana na mawaridi. Kila mwaka Idd inarudi nyuma kiasi cha siku 11, na inachukua takriban miaka 33 kuzunguka misimu yote. Mara ya mwisho Idd el-Fitri kuangukia mwishoni mwa Machi ilikuwa mwaka 1993, na mimi wakati ule nilikuwa na kazi iliyonishughulisha nisiuone mlima. Mwaka huu imerudi pale pale.

Nasra (Leicester): Ami, maneno yako yamenigusa, kwa sababu mwaka 2018 tulipokuwa tukifunga Juni hapa, kutoka alfajiri hadi magharibi zilikuwa zaidi ya saa 18, na Idd ilipofika sokoni kulikuwa na stroberi na kila aina ya mboga. Miaka michache ijayo itaingia kabisa katika kipupwe na nje hakutakuwa na jani. Nimejiambia kwamba mezani pawepo kitu kimoja kinachoonyesha kuwa Idd hii imekuja wakati wa kuchipua. Hapo ndipo nilipo na swali la pili, na naomba Shangazi usinikasirikie.

Bi Zuwena (Unguja): Sema, mwanangu.

Nasra (Leicester): Jirani yangu, bibi wa Kiingereza anayeishi peke yake, nimekuwa nikimpelekea futari tangu mwanzo wa mwezi. Juzi alirudisha sahani yangu ikiwa na fungu la rubarbu kutoka bustanini kwake. Ni mmea wenye vikonyo virefu vyekundu, vinene kama kidole gumba, na ndio wa kwanza kabisa kutoka ardhini baridi inapopungua. Wenyewe huku wanauchemsha na sukari wakala kama kitinda mlo. Nilipokitafuna kikonyo kibichi nilisikia uchachu ule ule wa embe mbichi, ule wa kufumba jicho. Ninataka kutengeneza chatini yake ya kulia biriani, kwa tangawizi, pilipili mbichi, kitunguu, chumvi na sukari kidogo.

Bi Zuwena (Unguja): Sikasiriki, lakini biriani lina achari yake na kachumbari yake, na wageni wanaokuja kula chakula cha kwetu wanastahili wakipate kama kilivyo. Pia nimewahi kusikia kwamba mmea huo una sumu.

Nasra (Leicester): Sumu iko kwenye majani, Shangazi, na jirani aliyakata yote kabla ya kunipa. Kikonyo kinaliwa bila ya wasiwasi.

Mwanaisha (Mombasa): Mimi naona aufanye. Embe zinazofika huko zimechumwa changa zikasafirishwa, na mara nyingi hazina uchachu wala harufu. Tui la kopo analazimika kulitumia kwa sababu hana nazi, lakini kitu kichachu kilichochumwa asubuhi ile anacho mlangoni.

Ami Seif (Maskati): Huku Oman nyama ya shuwa, iliyopakwa viungo na siki, ikafungwa majani ya mgomba na kufukiwa katika shimo la moto siku nzima hata siku mbili, inapofukuliwa huliwa na wali na chatini yoyote iliyopo nyumbani. Haijawahi kuharibika kwa ajili ya chatini. Dada, mruhusu.

Bi Zuwena (Unguja): Mnanisukuma wote. Ni kweli kwamba embe mbichi, ukwaju na ndimu kazi yao mbele ya biriani ni moja, nayo ni kukata samli ili mtu asikinai. Ikiwa huo mmea unaikata, haya, tengeneza, lakini uweke katika kibakuli cha pembeni na achari iwepo. Sukari usiizidishe. Jambo la biriani na mkate wa kumimina lisiguswe na msimu wowote: zafarani, iliki na tui ndivyo vinavyoniambia mimi kuwa leo ni Idd, hata ningekuwa nimefumba macho.

Jumapili, 30 Machi 2025

Nasra (Leicester): Idd Mubarak kwenu nyote kutoka Leicester. Najua nyinyi bado mmefunga leo, kwa hiyo mnisamehe kwa kuwasimulia chakula mchana. Niliamka alfajiri nikiwa nimepoteza saa moja kwa ajili ya kusogezwa mbele kwa saa. Nilipofungua mlango wa oveni baada ya saa moja na nusu, kitambaa kilikuwa kimeinuliwa na rojo, na harufu ya iliki na tui ilinijia usoni. Nilitia sukari na ute, nikakoroga mara sita, nikamimina katika sufuria iliyopakwa samli na kuuoka kwa nyuzi 180. Picha ni hiyo.

Bi Zuwena (Unguja): Idd Mubarak, mwanangu, Mwenyezi Mungu awatakabalie. Nimeivuta picha mpaka karibu. Pembeni umeshika rangi ya kahawia na kati una matundu madogo madogo, yaliyosimama. Ukikata, matundu yanashuka mpaka chini?

Nasra (Leicester): Yanashuka mpaka chini, kama sega la nyuki. Mtoto wa wifi yangu amekula vipande vitatu kabla ya biriani kuwekwa.

Mwanaisha (Mombasa): Alhamdulillahi. Na chatini?

Nasra (Leicester): Nilihofia vikonyo vingebaki na nyuzi, lakini kwa dakika kumi viliyeyuka vyenyewe vikawa rojo la waridi. Kibakuli kilimalizika kabla ya achari. Jirani alikuja akaketi nasi, akaniambia tangu aolewe hakuwahi kufikiri kutia pilipili ndani ya rubarbu. Tatizo lililobaki ni moja: chini ya mkate hapakushika rangi kama pembeni.

Bi Zuwena (Unguja): Hilo ni kwa sababu moto wa oveni unatoka juu zaidi. Mkate wa pili uuweke kwenye wavu wa chini kabisa kwa dakika 15 za kwanza, kisha uupandishe. Lile bakuli la pili limo bado ndani na taa inawaka? Litoe kwanza, ndipo uwashe moto.