Pikipiki 22 kwenda Magofu ya Kaole na kurudi Dar: msafara upangwe vipi?

kandamiza_klachi: Wakuu, klabu inakwenda Kaole Jumapili. Pikipiki 22, nyingi cc 125 na 150, sita zina abiria. Mwenge, Tegeta, Bunju, Mapinga hadi Bagamoyo, kama km 70 kwenda tu. Kila mara kichwa cha msafara kinafika, mkia bado uko Bunju. Dawa yake nini?

mfunga_mkia: 22 kwa pamoja ni nyingi mno, mkuu. Gawa makundi matatu, yapishane dakika 5, kila kundi na kiongozi wake na mfunga mkia, yaani wa mwisho kabisa, mwenye kizibao cha kung'aa. Kinachowakatisha ni matuta. Kiongozi akishavuka tuta anafungua mafuta mpaka km 70 kwa saa, wa nyuma bado wanalipanda lile lile. Wanakimbiza 90 kumfikia, na tochi ya trafiki ya kupima mwendo inawanasa wao. Avuke, abaki 40 mpaka aone taa ya mfunga mkia kwenye kioo. Zenye abiria zikae mara tu nyuma ya kiongozi, zisiwe mwisho.

Barabarani ni zigizaga: kiongozi upande wa kulia wa njia yake, wa pili kushoto sekunde 1 nyuma, wa tatu kulia, sekunde 2 kutoka kwa kiongozi. Kona ikija, mstari mmoja. Njia panda ya Kaole, wa pili asimame aelekeze mpaka mfunga mkia apite.

spana_mkononi: Ukaguzi ni Jumamosi, si asubuhi ya safari. Pandisha stendi kubwa, sukuma cheni katikati kwa kidole: mchezo milimita 25 hadi 30. Zungusha gurudumu, pima sehemu nne, maana cheni iliyochoka hukaza hapa ikalegea pale. Ukiiweka sawa ilipolegea, ilipokaza itakula beringi. Abiria akipanda shokapu zinazama na cheni inakaza zaidi, kwa hiyo wenye abiria msiikaze "kwa usalama". Upepo pimeni tairi zikiwa baridi.

Kila kundi libebe pampu, vyuma viwili vya kubandulia tairi, spana ya nati ya ekseli na tyubu. Namba ya saizi iko ubavuni mwa tairi. Nyingi ni 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Mafuta jazeni mtaani kwenu. Pikipiki 22 kwenye sheli moja ni nusu saa imekwenda.

kandamiza_klachi: Na tukishafika?

pwani_kwa_pwani: Msiegeshe chini ya minazi, nazi haichagui tangi. Kwenye mchanga stendi ya pembeni huzama, iwekeeni kipande cha ubao au jiwe bapa. Magofuni, msikiti wa zamani zaidi ni wa karne ya 13, na yale makaburi yenye minara si ya kuegemea wala kuwekea kofia ngumu wakati wa picha. Pesa ya kiingilio ichangwe kwa mtu mmoja kabla, la sivyo mtapanga foleni juani na majaketi.

Kurudi, saa 9 alasiri injini ziwake. Kabla ya saa 1 giza limeingia, na Bunju hadi Tegeta jioni ya Jumapili magari hayaendi.

mfunga_mkia: Na kundi la kwanza kwenda ndilo liwe la mwisho kurudi. Wenye pampu nzuri wapangwe humo.