Mjadala: Je, mwajiri ana haki ya kuchunguza maisha ya mfanyakazi ili kuzuia ubadhirifu?

Mtoa mada

Naomba tujadili jambo ambalo limeanza kuzoeleka bila kuhojiwa. Baadhi ya waajiri, wakiisha kuibiwa mara moja, huanza kuwafuatilia watumishi wao hadi nje ya kazi, wakitaka kujua nyumba imejengwa kwa fedha gani, gari limenunuliwa lini na ada ya watoto inalipwa na nani. Hoja yao ina msingi. Ripoti za ACFE, chama cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu, zimekuwa zikionyesha kwamba dalili inayojitokeza zaidi kwa waliobainika kuiba kazini ni kuishi maisha yanayozidi kipato, nayo huonekana katika takriban visa vinne kati ya kumi. Hata hivyo, msimamo wangu ni kwamba dalili hiyo haifai kumkamatia mtu, na kwamba mwajiri mwenye nia ya kukagua aikague kazi na ayaache maisha.

Nianze na hesabu ya kudhania tu. Tuchukulie ofisi ina watu 500, na watano kati yao wanaiba. Kwa kipimo hicho, wawili wataonekana wanaishi kifahari na watatu hawataonekana. Sasa, katika wale 495 waaminifu, ikiwa mmoja tu katika kila kumi anatumia fedha ambazo wenzake hawazielewi, kwa sababu ya mirathi, mkopo, biashara ya mwenzi wake au madeni anayoyaficha, tutakuwa na watu wapatao 50 wa kushukiwa bure. Mwajiri atawahoji watu zaidi ya hamsini ili apate wezi wawili, huku watatu wakiendelea na kazi yao kwa utulivu.

Lakini mfano unaonifikirisha zaidi ni wa Dixon, mji mdogo katika jimbo la Illinois nchini Marekani, wenye wakazi wapatao 16,000. Rita Crundwell, aliyekuwa msimamizi wa fedha za mji huo, alichota takriban dola milioni 53.7 kuanzia mwaka 1990 hadi alipokamatwa Aprili 2012. Wala hakujificha: alifuga mamia ya farasi wa mashindano, akanunua vito na mashamba, ilhali mshahara wake ulikuwa wapata dola 80,000 kwa mwaka. Watu waliona, wakajipa jibu kwamba farasi ndio wanaomlipa. Kilichomwangusha ni likizo. Mwaka 2011, alipokuwa mapumzikoni, karani aliyeshika kazi zake aliiomba benki taarifa za akaunti zote za mji, akakuta akaunti moja ambayo hakuna mwingine ofisini aliyeijua. Crundwell alikuwa na uwezo wa kufungua akaunti, kuhamisha fedha, kutengeneza ankara za uongo na kulinganisha hesabu na benki, yote peke yake, na pengo hilo lingezibwa bila mtu yeyote kuuliza habari za farasi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ki nyumbani kwa mwenzako.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, nakushukuru kwa kuweka hoja wazi, ila umechagua mfano unaokufaa. Crundwell alikuwa mwizi wa peke yake, na mwizi wa peke yake hukamatwa kwa kugawanya majukumu. Utafanyaje wanapokuwa wawili?

Afisa ununuzi anapokubaliana na mzabuni kwamba atapata sehemu yake katika kila ankara, bei zikapandishwa kidogo kidogo na bidhaa zikaletwa kweli, hati zote zitakuwa safi. Ombi la manunuzi lipo, zabuni tatu zipo (mbili zimeandikwa na mzabuni huyohuyo), saini za kuidhinisha zipo, hati ya kupokea mali ipo. Fedha za mlungula hazipiti katika vitabu vya mwajiri hata siku moja. Mahali pekee zinapoonekana ni katika maisha ya yule afisa, napo wewe unatuambia tufumbe macho.

Isitoshe, jambo hili si geni katika sheria. Viongozi wa umma katika nchi nyingi hutakiwa kutamka mali zao, na Uingereza, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2017, ilianzisha amri inayomtaka mtu kueleza alikopata mali isiyolingana na kipato chake. Kama waziri anaweza kuulizwa, sioni kwa nini mkuu wa manunuzi asiulizwe. Anayekabidhiwa funguo za kasha hawezi kudai faragha sawa na ya mtu asiyeshika hata senti ya mwajiri.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mhasibu, na nitasimulia nililoliona bila kuitaja ofisi. Palikuwa na keshia aliyeanza kujenga. Minong'ono ikazuka, akaitwa mbele ya watu watatu, akaulizwa hadi mapato ya mumewe. Alileta nyaraka za mkopo, wakaridhika, lakini hakuna aliyemwomba radhi, na baada ya miezi michache aliacha kazi. Wakati huohuo orodha ya mishahara ilikuwa na majina mawili ya watu waliokwisha kuondoka, na mishahara yao iliendelea kulipwa mwezi baada ya mwezi. Aliyeitunza orodha hiyo alikuwa mtu wa kawaida kabisa, aliyekuja kazini kwa miguu na ambaye kwa miaka kadhaa hakuchukua likizo. Tulimsifu kwa hilo! Siku alipougua, mwenzake alilinganisha orodha na daftari la mahudhurio, na mambo yakawa hadharani kabla ya saa ya chakula.

Tangu hapo dalili ninazozitazama ni za kazini. Huwa na wasiwasi na mtu asiyetaka kukabidhi mafaili yake, na usuluhishi wa hesabu za benki (yaani kulinganisha vitabu vya ofisi na taarifa za benki) unaochelewa kila mwezi kwa sababu mpya, na hati za malipo zenye viambatisho vya nakala badala ya halisi. Huwa na wasiwasi zaidi na malipo yanayokatwa vipande ili kila kipande kibaki chini kidogo ya kiwango kinachohitaji saini ya mkubwa. Yote hayo niliyaona bila kumfuata mtu nyumbani.

Mtoa mada

Ndugu mchangiaji wa kwanza, nakiri kwamba mlungula ndio upande dhaifu wa hoja yangu. Hata hivyo, si kweli kwamba unaonekana nyumbani kwa afisa tu. Bei inaweza kulinganishwa na bei ya soko, na afanye hivyo mtu asiyehusika na zabuni. Akaunti na anwani za wazabuni zinaweza kulinganishwa na za wafanyakazi. Ni kazi ya dakika chache kwenye kompyuta. Tena yupo mzabuni aliyenyimwa kazi, na yupo mtunza stoo anayejua mzigo ulikuwa wa daraja la chini. Ripoti ya ACFE ya mwaka 2024 inaeleza kwamba asilimia 43 ya visa vilivyochunguzwa viligunduliwa kwa sababu mtu alitoa taarifa, na zaidi ya nusu ya watoa taarifa walikuwa wafanyakazi. Sasa jiulize kama yule keshia aliyedhalilishwa, au wenzake walioshuhudia, wangethubutu tena kumpelekea mwajiri huyo neno lolote.

Kuhusu Uingereza, amri uliyoitaja hutolewa na mahakama baada ya kuridhishwa na sababu zilizowekwa mbele yake. Meneja si mahakama. Hana wa kumdhibiti, na mara nyingi ana ugomvi wake.

Zaidi ya hayo, wapo waliosababisha hasara kubwa ambao maisha yao yasingekwambia kitu. Jérôme Kerviel, ambaye miamala yake iliigharimu benki ya Ufaransa ya Société Générale takriban euro bilioni 4.9 mwaka 2008, hakuzitia fedha hizo mfukoni mwake. Nick Leeson, mfanyakazi wa benki ya Uingereza ya Barings, aliiangusha benki hiyo mwaka 1995 kwa hasara ya pauni milioni 827, na mlango wake ulikuwa kwamba huko Singapore alisimamia biashara na pia ofisi iliyoihakiki biashara hiyohiyo. Ninachoweza kukubali ni hiki: wachache wanaoidhinisha malipo na manunuzi watamke maslahi yao, yaani kampuni walizo na hisa na jamaa wanaouza bidhaa kwa mwajiri. Fedha za nyumbani zibaki nyumbani.

Mchangiaji wa tatu

Naona wote mmemsahau mkubwa. Katika WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, mwaka 2002, wakaguzi wa ndani wakiongozwa na Cynthia Cooper walifichua gharama za kawaida za takriban dola bilioni 3.8 zilizoandikwa kama uwekezaji ili faida ionekane nene. Makosa hayo yaliamriwa kutoka juu. Mkurugenzi mkuu, Bernard Ebbers, alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Nani katika kampuni ile angemkagua maisha? Utajiri wake ulikuwa halali machoni pa kila mtu.

Mchangiaji wa kwanza

Nakubali kutamka maslahi, mradi fomu hizo zisifungiwe kabatini kwa mkuu wa kitengo kilekile. Kwa hoja ya mchangiaji wa tatu, zisomwe na mkaguzi wa ndani anayeripoti moja kwa moja kwa bodi, na fomu ya kwanza kusomwa iwe ya mkurugenzi mwenyewe. Juu ya mali bado sijashawishika: jamaa wa afisa akiuza bidhaa kupitia jina la mtu mwingine, fomu ya maslahi itarudi tupu, na hapo ningependa mtoa mada anieleze atashika uzi gani.