Gari la kifahari la dizeli: busara au ubahili uliovaa suti?

Mleta mada

Wadau, mtu katenga fedha za kununua S-Class ya Mercedes, 7 Series ya BMW, Range Rover au Land Cruiser. Rangi kachagua, ngozi ya viti kachagua, spika kachagua. Akifika kwenye injini anasema, "Nipe dizeli, haili mafuta." Hapo ndipo huwa simwelewi.

Msimamo wangu niuweke mapema ili anayetaka kunishambulia asihangaike kuutafuta: dizeli ni injini nzuri sana ya kazi, ila kwenye gari la kifahari inakunyang'anya kile kile ulichokilipia, yaani utulivu.

Injini ya dizeli haina plagi za kuwashia moto. Inaibana hewa mara 15 hadi 18 mpaka inakuwa ya moto kiasi cha kuyawasha mafuta yanapopulizwa ndani. Ya petroli hubana mara 10 hadi 12 hivi, kisha plagi inawasha. Mlipuko wa dizeli ni wa kishindo, ndiyo maana chuma chake kizito na ndiyo maana inagonga ikiwa baridi. Watengenezaji wamejitahidi kweli: raba za injini zenye majimaji ndani, vioo vya tabaka mbili, mafuta kupulizwa kwa awamu ili kishindo kipungue. Sasa kaa kiti cha nyuma, injini ndiyo kwanza imewashwa, weka kiganja kwenye mlango. Utaisikia tu.

Haya, hesabu. Tuseme la petroli linakula lita 10 kwa kilomita 100 na pacha wake wa dizeli anakula 8. Anayetembea kilomita 10,000 kwa mwaka kaokoa lita 200. Kama tenki linabeba lita 80, mwaka mzima wa kuvumilia ugongaji wa dizeli umekupa tenki mbili na nusu. Rolls-Royce hawajawahi kuuza gari la dizeli. Lexus LS nayo tangu ilipotoka 1989 haijawahi kuwekewa injini hiyo. Hao watu si wajinga. Karibuni.

Masafa Marefu

Mkuu, hizo kilomita 10,000 umezichagua wewe ili zikubebe. Weka 40,000, ambazo mtu wa safari anazimaliza bila shida, uone kama ni lita 200.

Lakini mafuta wala si hoja yangu ya kwanza. Nakukamata hapo hapo kwenye utulivu. Gari la tani mbili na nusu, watu wamejaa, mizigo nyuma, mbele kuna mlima mrefu. La dizeli linatoa nguvu yake yote ya kuvuta injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,000 na kitu kwa dakika. Giaboksi haishushi gia, sauti haipandi, aliyelala nyuma haamki. Chukua Land Cruiser 300: V6 (silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V) ya dizeli ya lita 3.3 ina 700 Nm (kipimo cha nguvu ya kuvuta), V6 ya petroli ya lita 3.5 ina 650. Ya petroli imeizidi dizeli kama nguvu farasi 100, nakubali, lakini ili uzione lazima ukanyage mpaka injini ipige kelele. Nani anaendesha gari la kifahari hivyo kila siku?

Halafu dizeli haikuingia kwenye magari ya wakubwa jana. Mercedes walitoa 260 D mwaka 1936. Mwaka 1978 wakaanza kuuza S-Class ya dizeli yenye turbo, 300 SD, na wakaipeleka Marekani, nchi ya V8 za petroli. Audi R10 TDI ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 2006, gari la kwanza la dizeli kushinda pale. Na Bentley, hao hao wa ngozi za kushonwa kwa mkono, mwaka 2016 walitoa Bentayga yenye V8 ya dizeli, 900 Nm. Leo hii S-Class na 7 Series za dizeli bado zinauzwa Ulaya. Nao ni wabahili?

Nane Silinda

Mbona hadithi ya Bentley umeikatia katikati? Malizia: Bentayga ya dizeli waliiondoa sokoni Ulaya mwaka 2018. Mwaka huo huo Porsche wakatangaza wanaachana na dizeli kabisa. Volvo wametoa XC90 yao ya mwisho ya dizeli 2024. Watu wanatoka kwenye basi wewe ndiyo unatafuta siti.

Na mlio wa V8 ya petroli hakuna Nm itakayoufidia. Sijasema kitu cha kitaalamu hapo, najua.

Masafa Marefu

Walitoka kwa sababu ya sheria na siasa. Injini yenyewe haikuwa na kosa.

Mapafu Yangu

Ngoja kwanza, hiyo "siasa" ilikuwa na sababu. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ikaweka wazi kwamba Volkswagen waliweka programu inayotambua gari linapopimwa, likajifanya safi, kisha barabarani likatoa oksidi za nitrojeni kupita kiwango. Magari kama milioni 11 duniani. Na msidhani ni vigari vidogo peke yake: mwezi Novemba ikatajwa V6 ya lita 3.0 iliyokuwa kwenye Audi kubwa, Touareg na Porsche Cayenne. Magari ya kifahari hayo.

Matokeo yake mnayaona mijini. London gari la petroli la Euro 4 (Euro ni viwango vya Ulaya vya moshi wa magari, namba ikipanda moshi unatakiwa uwe safi zaidi) linaingia eneo la hewa safi bila kulipa, la dizeli lazima liwe Euro 6. Stuttgart walianza kuzuia dizeli za Euro 4 mwaka 2019. Ukinunua dizeli ya zamani kidogo, unanunua gari ambalo mji unaweza kulifungia mlango ukiwa bado unalilipia.

Na ile sifa ya kwamba dizeli ina hewa ya ukaa kidogo imetiwa chumvi. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa takribani kilo 2.65, ya petroli kilo 2.3, kwa kuwa dizeli ni nzito zaidi. Chukua mfano wa mleta mada: lita 8 za dizeli ni kilo 21, lita 10 za petroli ni kilo 23. Umeokoa asilimia 20 kwenye pampu, lakini angani umeokoa kama asilimia 8 tu.

Masafa Marefu

Asilimia 8 ni 8, si sifuri. Na tangu Ulaya waanze kupima magari barabarani, mwaka 2017, dizeli mpya ni kitu kingine kabisa. Zina chujio la masizi, zina mfumo wa AdBlue (kimiminika cha urea) unaovunja hizo oksidi za nitrojeni. Petroli za kisasa zinazopuliza mafuta moja kwa moja kwenye silinda nazo zinatoa chembe za masizi, ndiyo maana nyingi siku hizi zimewekewa chujio. Kila mtu ana moshi wake hapa.

Fundi wa Nozeli

Nimesoma wote. Mnabishana kuhusu injini, wakati gari la dizeli la kifahari halifi injini. Linakufa kwa vitu vilivyofungwa kuizunguka injini, na vinakufa kwa sababu ya aina ya safari za mwenye gari.

Chujio la masizi linakusanya masizi, kisha kila baada ya muda kompyuta inaamua kuyachoma. Inapuliza mafuta ya ziada ili joto la egzosi lifike nyuzi 600 hivi. Kazi hiyo inataka gari liwe kwenye mwendo, dakika 15 au 20 bila kusimama simama. Sasa mwenye gari ni wa kumpeleka mtoto shule, kupita ofisini, kurudi nyumbani. Uchomaji unaanza, anazima. Kesho unaanza tena, anazima tena. Dalili ziko wazi kwa anayejua: sailensa (mizunguko ya injini gari likiwa limesimama) imepanda kidogo, ulaji wa mafuta kwenye dashibodi umeruka bila sababu, ukizima feni ya rejeta inaendelea kuunguruma na kuna harufu ya moto chini ya gari. Wengi wanadhani gari limechemsha.

Yale mafuta ya ziada ambayo hayakuungua yanateremka kwenye oili. Chomoa dipstiki: oili imepanda juu ya alama badala ya kupungua, ukiinusa ni dizeli. Oili hiyo nyepesi ndiyo inayolainisha turbo na mnyororo wa taimingi. Na kuna dizeli za kifahari ambazo mnyororo huo uko nyuma, upande wa giaboksi, kwa hiyo kuubadilisha ni kushusha injini yote chini.

Halafu kuna mafuta yenyewe. Pampu ya presha inasukuma zaidi ya baa 2,000. Tairi lako lina baa 2 na ushee. Ile pampu haina oili yake, inalainishwa na dizeli inayopita ndani. Mafuta yakiwa na maji, au mtu kituoni akikosea akatia petroli, chuma kinaanza kusaga chuma. Nimewahi kufungua kasha la chujio la mafuta nikakuta chini kuna unga unaometameta, mzuri kabisa kuuangalia. Mwenye gari alikuwa amekuja kwa sababu "linachelewa kuwaka". Hapo hubadilishi pampu peke yake. Unabadilisha nozeli zote (zinazopuliza mafuta ndani ya silinda) na bomba zake, na tenki linaoshwa, maana ule unga umeshasambaa kila mahali. Gharama hiyo inameza lita zote zilizohesabiwa humu, za mleta mada na za Masafa.

Salfa nayo. Mifumo hii imetengenezwa kwa dizeli ya Ulaya, salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Ukiilisha dizeli yenye salfa nyingi, vifaa vya kusafishia moshi vinachakaa kabla ya wakati. Watu wengine wanakimbilia kulitoboa chujio na kuidanganya kompyuta. Gari linapata nafuu, moshi unaenda kwa jirani. Mapafu Yangu ana haki ya kukasirika.

Nane Silinda

Fundi umemaliza mjadala. Petroli hoyee!

Fundi wa Nozeli

Usishangilie bado. V8 zenu za turbo, zile ambazo turbo zimekaa katikati ya V, joto lake linaoka bomba za plastiki na sili za raba mpaka zinakatika kama biskuti. Oili inavuja kwa juu, huioni, unaona tu taa. Injini za petroli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda zinajaza masizi kwenye vali za kuingiza hewa, kwa kuwa petroli haipiti tena pale kuziosha. Ukilijaza petroli ya oktani ndogo kuliko inayotaka, kompyuta inarudisha nyuma muda wa kuwasha ili isigonge, na zile farasi zote ulizozinunua zinapungua. Tofauti ni kwamba petroli inavumilia safari fupi. Dizeli haivumilii.

Kimya Kimya

Nyote mnapigania injini mbili za karne ya 19. Anayetaka utulivu anunue haibridi. Lexus LS 600h ilitoka 2007, V8 ya petroli na mota ya umeme, inaondoka kwenye maegesho bila sauti. Mercedes wameenda mbali zaidi, kuna E-Class ya dizeli ya kuchaji kwa umeme.

Mleta mada

Hiyo ya dizeli ya kuchaji inanichanganya: kilo za betri juu ya kilo za dizeli, halafu injini inawaka mara chache na kwa muda mfupi, jambo ambalo Fundi katoka kusema ndilo linaloiua. Nisahihishwe kama kuna anayeiendesha.

Masafa, hoja yako ya mlima naikubali kwa gari refu, zito, linalovuta au kubeba. Kwa sedani siikubali. Petroli ya turbo ya silinda sita siku hizi inatoa nguvu yake ya kuvuta tangu mizunguko 1,500 na kitu, ile tofauti kubwa ya zamani haipo tena. Kilichobaki cha dizeli kwenye sedani ni kusafiri kilomita nyingi bila kujaza tenki.

Masafa Marefu

Ambacho kwa wengine ndiyo anasa yenyewe. Kutosimama.

Mnunuzi Mtarajiwa

Mimi swali langu ni dogo. Nataka SUV kubwa iliyotumika, umri miaka sita au saba. Katikati ya wiki ni safari fupi za mjini, mwisho wa mwezi natoka safari ndefu na familia. Za dizeli ndizo nyingi sokoni. Fundi, niache au nichukue?

Fundi wa Nozeli

Kwa matumizi hayo mimi ningechukua petroli, hata kama ni lazima usubiri ipatikane. Safari moja ndefu kwa mwezi haitoshi kufidia safari fupi za wiki nne. Kama ungeniambia kila wiki unatoka barabara kuu, jibu lingekuwa jingine.

Ukiamua dizeli kwa lazima, usiangalie kilomita kwenye dashibodi kwanza. Chomeka kompyuta, soma masizi yaliyomo kwenye chujio na umbali tangu lichomwe mara ya mwisho. Masizi yakiwa yanachomwa kila baada ya kilomita chache, achana na gari hilo. Soma masahihisho ya nozeli (kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kiasi gani), silinda kwa silinda. Moja ikiwa mbali na wenzake, iulizie bei kabla hujapatana. Chomoa dipstiki unuse. Pitisha kidole ndani ya egzosi: gari lenye chujio zima linaacha kidole kikiwa karibu kisafi, likikupaka masizi meusi ujue chujio limepasuka au limetobolewa. Na uliwashe mwenyewe likiwa baridi kabisa. Ukifika ukakuta muuzaji ameshaliwasha na boneti ni ya moto, mwambie utarudi asubuhi nyingine, na usimpigie simu kabla ya kutokea.